Migongano kwenye mstari mmoja: hakiki momenta kwanza, ndipo uiguse nishati

Toroli mbili zinapogongana juu ya ubao ulionyooka, kuna hesabu mbili za kufuatilia. Ya kwanza ni momenta, yaani tungamo mara velositi, na hii ina mwelekeo. Ya pili ni nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara velositi kwa kipeo cha pili, na hii haina mwelekeo. Wanafunzi wengi huzichukulia kama pacha: wanapima, wanakokotoa zote mbili, kisha wanaandika kwamba moja "imehifadhiwa" na nyingine "haikuhifadhiwa". Hapo ndipo jaribio linapoanza kuharibika.

Momenta ya jumla haibadiliki katika mgongano wowote, uwe wa kunata au wa kudunda, mradi pasiwe na kani ya maana kutoka nje. Nishati mwendo hupungua karibu kila mara, na kiasi kinachopotea kinategemea vitu vyenyewe na namna vilivyogongana. Kwa hiyo momenta ndiyo mizani yako, na nishati ndiyo kitu unachokwenda kukipima. Muuza duka haweki sukari kwenye mizani kabla hajaona kwamba ikiwa tupu inasoma sifuri. Hapa ni vivyo hivyo: kama momenta kabla na baada ya mgongano zinapishana kwa asilimia 10, usiandike neno lolote kuhusu nishati. Rudi kwenye ubao kwanza.

Toroli, ubao na tika-taima

Njia iliyozoeleka kwenye maabara za sekondari inahitaji toroli mbili, ubao laini wa urefu wa mita 2 hivi, na tika-taima inayopiga nukta kwenye utepe wa karatasi. Umeme wa gridi Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kwa hiyo tika-taima nyingi hupiga nukta 50 kwa sekunde, na kutoka nukta moja hadi inayofuata ni sekunde 0.02. Soma kilichoandikwa kwenye kifaa, maana vingine hupiga 100. Ukifuata video za Marekani utakuta wanagawanya kwa 60, kwa sababu gridi yao ni ya hezi 60.

Tika-taima inataka umeme wa AC, yaani unaogeuka mwelekeo kila mara, wa volti ndogo kutoka kwenye transfoma, kwa kiwango kilichoandikwa juu yake. Ukiiunganisha na betri, ukanda wake wa chuma utavutwa mara moja na kubaki hapo hapo bila kutetemeka. Nukta zikiwa hafifu, zungusha kipande cha karatasi ya kaboni ili ncha ipige sehemu mpya, na hakikisha upande wenye wino unagusa utepe.

Shule zinazotumia jenereta huwa na wasiwasi kwamba hezi zake si 50 kamili. Wasiwasi huo ni wa kweli kwa anayepima mchapuko, lakini hapa hauna uzito mkubwa. Unalinganisha kabla na baada kwenye utepe uleule, na kama muda wa nukta umekosewa kwa asilimia 4, umekosewa pande zote mbili kwa kiasi kilekile. Uwiano unabaki palepale. Kinachoharibu ni jenereta inayoyumba katikati ya utepe, au mtu anayewasha pasi jirani wakati toroli zinakimbia.

Pima tungamo la kila toroli ikiwa imevaa kila kitu itakachokuwa nacho wakati wa kugongana: pini, kizibo, plastisini, sumaku, mzigo. Kosa la kupima toroli tupu halafu kubandika gramu 40 za plastisini baadaye ni la kawaida sana, na kwa toroli ya gramu 800 hilo peke yake ni asilimia 5. Andika hadi gramu ya mwisho ambayo mizani inakuonyesha.

Kufidia msuguano

Hapa ndipo pa kutumia muda. Ubao ukiwa sawasawa, toroli inapungua kasi tangu unapoiachia, na momenta inayopotea kwa msuguano utaidhania ni kasoro ya kanuni. Dawa yake ni kuinua upande wa kuanzia kidogokidogo, kwa vipande vyembamba vya mbao au daftari, hadi mvutano wa mteremko utoshane na msuguano.

Fanya hivyo utepe ukiwa umeshabandikwa nyuma ya toroli na unapita kwenye tika-taima inayofanya kazi. Utepe nao unasugua, na ukiufidia ubao bila utepe umefidia nusu tu. Isukume toroli kidogo kwa kidole, iachie, kisha utazame nukta. Zikizidi kubanana, inua zaidi. Zikizidi kuachana, teremsha. Macho hayatoshi. Chukua rula, pima nafasi 10 mwanzoni mwa sehemu tulivu ya utepe na nafasi 10 mwishoni mwake. Zikitofautiana kwa milimita 1 au 2 katika sentimita 10, umefika.

Kuna kipimo cha pili kisichohitaji rula. Weka toroli B peke yake katikati ya ubao na usiiguse. Inatakiwa itulie, kwa sababu msuguano wa kitu kilichosimama ni mkubwa kidogo kuliko wa kinachokwenda. Ikianza kuteremka yenyewe, mteremko umezidi. Ukiiona inajikongoja baada ya kugongwa kwa kidole mezani, punguza karatasi chache.

Msuguano wa magurudumu huongezeka pamoja na uzito, kwa hiyo mteremko uleule unafaa hata ukiongeza mzigo. Msuguano wa utepe hauongezeki. Ndiyo maana toroli nyepesi sana huhitaji mteremko mkali kidogo kuliko nzito, na ndiyo sababu ya kurudia ukaguzi kila unapobadilisha mzigo kwa kiasi kikubwa.

Mgongano wa kunata

Anza na huu, maana unahitaji utepe mmoja tu. Bandika pini mbele ya toroli A na kizibo cha koki au donge la plastisini nyuma ya toroli B. Zisogeze kwa mkono hadi zigusane na uhakikishe pini inaingia katikati ya kizibo, kwa kimo kilekile. Pini ikiingia pembeni, toroli B hujipinda, gurudumu linasugua ukingo wa ubao, na mgongano wako si wa mstari mmoja tena.

Weka B katikati ya ubao, ikiwa imetulia. Washa tika-taima, isukume A kwa msukumo mmoja mfupi na uiachie mapema, ili ikimbie yenyewe angalau sentimita 25 kabla ya kugonga. Kasi nzuri ni kati ya mita 0.5 na 1 kwa sekunde. Chini ya hapo msuguano uliobaki unaonekana. Juu ya hapo toroli zinaruka, pini inachomoka, na nukta kwenye utepe zinakuwa chache mno kuzipima. Baada ya mgongano acha toroli zilizonatana zikimbie sentimita 25 nyingine, halafu zidake kwa mkono kabla hazijafika ukingoni.

Sasa chukua utepe. Mwanzoni nukta zimebanana: hapo toroli ilikuwa bado mkononi mwako, paache. Zinafuata nukta zilizoachana sawasawa, kisha ghafla, ndani ya nafasi moja au mbili, mwachano unabadilika na kuwa mdogo, na unaendelea sawasawa hivyo. Hiyo nafasi ya mpito ndiyo mgongano wenyewe. Iruke. Pima nafasi 10 zilizo karibu kabisa nayo upande wa kabla, na nafasi 10 zilizo karibu nayo upande wa baada.

Hesabu nafasi, si nukta. Nafasi 10 ziko kati ya nukta 11. Na usipime nafasi mojamoja ukatafuta wastani: jicho hukosea nusu milimita kila ncha, na kosa hilo kwenye nafasi ya sentimita 1 ni kubwa, kumbe kwenye sentimita 10 ni asilimia 1 tu.

Huu ni mfano wa hesabu. Toroli A ina kilo 0.780, B ina kilo 0.775. Nafasi 10 kabla ya mgongano ni sentimita 13.2, baada ni sentimita 6.5. Nafasi 10 ni sekunde 0.2, kwa hiyo velositi ni 0.660 na 0.325 m/s.

Momenta kabla: 0.780 × 0.660 = 0.515 kg m/s.
Momenta baada: 1.555 × 0.325 = 0.505 kg m/s.

Tofauti ni chini kidogo ya asilimia 2. Kwa vifaa hivi hayo ni matokeo mazuri, na sasa una haki ya kuangalia nishati.

Nishati mwendo kabla: ½ × 0.780 × 0.660² = 0.170 J.
Nishati mwendo baada: ½ × 1.555 × 0.325² = 0.082 J.

Kimebaki asilimia 48. Hesabu ya nadharia inasema kingebaki asilimia 50.2. Ona kwamba momenta imekosea kwa asilimia 1.8 na nishati kwa asilimia 3.6, karibu mara mbili. Velositi imepandishwa kipeo cha pili, na kosa lake likaongezeka maradufu nayo. Mtu anayeona nishati "imekosea zaidi" asidhani kuna sababu nyingine iliyojificha.

Kwa nini ni nusu, na si robo wala theluthi

Watu wanapoona nusu ya nishati imetoweka, hukimbilia kusema plastisini ndiyo iliyoila. Ijaribu: badilisha plastisini kwa pini na kizibo, kisha kwa vipande vya velkro. Upotevu utakuwa uleule. B ikiwa imesimama na A ikanata nayo, sehemu ya nishati mwendo inayobaki ni tungamo la A kugawanya kwa jumla ya matungamo yote mawili. Basi. Plastisini hubonyea na pini hujisugua ndani ya koki. Kila moja ina njia yake ya kugeuza nishati kuwa joto, sauti na umbo lililoharibika, lakini kiasi kimeshaamuliwa na matungamo.

Kwa hiyo badilisha matungamo uone. Mzigo ukifanya B iwe nzito mara mbili ya A, inabaki theluthi moja. Ukihamishia mzigo kwenye A ili iwe nzito mara mbili ya B, zinabaki theluthi mbili. Andika utabiri kwanza kwenye daftari, kwa kalamu, ndipo usukume toroli. Utabiri ulioandikwa baada ya kuona jibu hauna kazi.

Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi huliacha kabisa. Katika mgongano wa kunata, nishati haikupi habari mpya. Momenta ikishasawazika na toroli zikishanatana, upotevu hauna uhuru wa kuwa kitu kingine. Habari mpya kuhusu vitu vyenyewe inapatikana pale vinapodunda.

Mgongano wa kudunda, na alama ya kutoa

Kupata mgongano unaokaribia elastiki, yaani ule ambao nishati mwendo haipotei, tumia fimbo ya springi iliyo mbele ya toroli nyingi za maabara, au bandika sumaku mbili zikitazamana kwa ncha zinazofukuzana. Sumaku ni bora, kwa kuwa toroli hazigusani kabisa. Zibane kwa gundi na tepu imara, zisije zikageuka na kuvutana.

Chagua mwelekeo mmoja uwe chanya kabla ya kuanza, uuchore kwa mshale juu ya ubao kwa chaki. Tuseme kulia ni chanya. A ya kilo 0.50 inakwenda kulia kwa 0.60 m/s na kugonga B ya kilo 1.00 iliyosimama. Mgongano ukiwa elastiki kamili, A itarudi nyuma kwa 0.20 na B itakwenda mbele kwa 0.40. Momenta ya A baada ya mgongano ni −0.10, ya B ni +0.40, jumla 0.30, sawa na ya mwanzo. Nishati: 0.090 J mwanzoni, 0.010 na 0.080 mwishoni, jumla 0.090.

Aliyesahau alama ya kutoa atapata momenta ya 0.50 na ataandika kwamba momenta imeongezeka. Nishati yake itakuwa sahihi kabisa, kwa kuwa kipeo cha pili kinafuta alama. Hiyo ni dalili ya kuikariri: nishati ikikubali na momenta ikikataa kwa wingi, tafuta mwelekeo uliosahauliwa. Si kosa la kitoto. Mwanafalsafa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1644, alihesabu "kiasi cha mwendo" bila kujali mwelekeo, na kanuni zake za migongano zikatoka na makosa. Mwaka 1668 Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kiliomba wataalamu waitatue mada hii, na John Wallis, Christopher Wren na Christiaan Huygens wakajibu. Huygens ndiye aliyeonyesha kwamba katika mgongano mgumu wa kudunda jumla ya tungamo mara kasi kwa kipeo cha pili inabaki ileile.

Kuna njia ya mkato ya kupima udundaji: velositi ya kuachana gawanya kwa velositi ya kukaribiana. Katika mfano huu ni 0.40 − (−0.20) = 0.60, gawanya kwa 0.60, jibu 1. Ikiwa 1, mgongano ni elastiki. Ikiwa 0, ni wa kunata. Migongano mingi iko katikati. Namba hii ndiyo inayosema kitu kuhusu springi, sumaku au mpira wako, na inafaa kuripotiwa.

Tatizo ni tepe. Toroli zote mbili zinatembea kivyake, na A inarudi nyuma. Utepe hauwezi kusukumwa kurudi ndani ya tika-taima. Unakunjamana na kuacha nukta za uongo. Kwa mgongano wa kudunda ambapo A inarudi, achana na tepe, tumia simu.

Weka simu juu ya vitabu, ikitazama ubao kwa pembe mraba, umbali wa mita 1.5 hadi 2, isitikisike. Laza rula ya mita kwenye ubao, mbele ya toroli au juu yake, na si ukutani nyuma: kilicho mbali na kamera huonekana kidogo, na skeli yako itadanganya. Bandika kidoti cha karatasi cheupe kwenye kila toroli. Kwa picha 30 kwa sekunde na kasi ya 0.6 m/s, toroli inasogea sentimita 2 kila picha, inatosha. Programu ya Tracker, iliyotengenezwa na Douglas Brown na inayopatikana bure, inakuruhusu kubofya kidoti picha kwa picha na kusoma velositi kwenye grafu. Rekodi mahali penye mwanga mwingi. Kwenye giza simu hurefusha muda wa kila picha, kidoti kinavutika kama mstari, na baadhi ya simu hupunguza hata idadi ya picha bila kukuambia.

Bila umeme: gololi mbili na meza

Njia hii haina saa wala utepe, na ikifanywa kwa uangalifu huishinda tika-taima. Tafuta gololi ya chuma kutoka kwenye beringi kuukuu ya gereji na gololi ya kioo yenye kipenyo kilekile au kinachokaribiana sana, ili vitovu vyake viwe kimo kimoja. Kwa kipenyo cha milimita 16, ya chuma itakuwa na gramu 16 au 17 na ya kioo 5 na kitu. Nzito ndiyo inayogonga, nyepesi ndiyo inayogongwa. Ukigeuza, gololi ya kioo itarudi nyuma na kupanda tena mteremko.

Pinda kipande cha reli ya pazia au bomba lililopasuliwa kiwe mteremko, na mwisho wake uwe bapa kabisa kwenye ukingo wa meza. Jaribio la ubapa ni gololi yenyewe: iweke mwishoni mwa reli, isibingirike mbele wala nyuma. Ning'iniza timazi kutoka ukingoni na uweke alama sakafuni chini yake. Tandaza karatasi nyeupe sakafuni, juu yake karatasi ya kaboni, ukiiweka kaboni upande wa wino chini.

Kwanza iachie gololi ya chuma peke yake kutoka kwenye alama moja ya mteremko, mara 10. Usiisukume, izuie kwa rula na uiondoe rula haraka. Alama zake zitajikusanya. Chora duara dogo linalozizunguka, na kutoka alama ya timazi hadi kitovu chake ndio umbali wako. Kisha weka ya kioo pale pale ukingoni na uiachie ya chuma kutoka alama ileile, mara 10 tena.

Gololi zote zinaanguka kutoka kimo kimoja, kwa hiyo zinatumia muda mmoja hewani; kwenye meza ya sentimita 80 ni sekunde 0.40. Muda ukiwa mmoja, umbali wa sakafuni ni velositi yenyewe kwa kipimo kingine. Huna haja ya kuubadilisha. Tuseme ya chuma ina gramu 16.7 na ya kioo 5.4, peke yake ya chuma iliangukia sentimita 40.0, baada ya mgongano ya chuma iliangukia 20.9 na ya kioo 58.9. Momenta kabla: 16.7 × 40.0 = 668. Baada: 16.7 × 20.9 + 5.4 × 58.9 = 667. Velositi ya kuachana ni 38.0 kwa 40.0, yaani 0.95, na nishati mwendo iliyobaki ni asilimia 97 hivi.

Anayecheza keram atautambua mgongano huu. Kete kubwa ya kupigia ina takriban mara tatu ya uzito wa kete ya kawaida, na ukiigonga kete katikati kabisa, inatoka mbele haraka kuliko ulivyopiga, huku kubwa ikiifuata kwa karibu nusu ya kasi yake ya awali.

Gololi ina hila moja: inabingirika, na sehemu ya nishati yake imo katika mzunguko. Mgongano hausimamishi mzunguko huo. Reli ikiendelea sentimita kadhaa mbele ya mahali pa kugongana, gololi ya chuma inaendelea kuzunguka kwa kasi kuliko inavyosonga, inajisukuma mbele, na momenta yako inaonekana imezidi. Ndiyo sababu mgongano ufanyike ukingoni kabisa. Na alama za kioo zikitawanyika kushoto na kulia badala ya kukaa mstarini, gololi hazigongani katikati. Sogeza reli, usichukue wastani wa fujo.

Mtawanyiko unaopimwa kwa sikio

Kinyume cha mgongano wa kunata ni toroli mbili zilizosimama, zimegusana, na springi imebanwa kati yake. Ifyatue kwa kugonga kidole cha kufungulia kwa kijiti. Momenta ilikuwa sifuri na inabaki sifuri: moja kushoto, nyingine kulia, sawa kwa sawa. Hapa ubao lazima uwe bapa, uukague kwa pima maji, maana mteremko unaomsaidia mmoja unamkwamisha mwenzake.

Weka kipande cha mbao kila upande na uvisogeze hadi milio miwili ya kugonga isikike kama mmoja. Sikio hutambua upishano mdogo sana wa milio. Kisha pima umbali kutoka pua ya kila toroli hadi kwenye mbao yake. A ya kilo 0.80 na B ya kilo 1.60 zitakupa umbali wa mbili kwa moja, kwa mfano sentimita 60 na 30. Nishati ya springi haigawanywi sawa: nyepesi inachukua theluthi mbili. Weka umbali mfupi, chini ya sentimita 80, kwa sababu hapa msuguano haujafidiwa.

Namba zikikataa

Momenta baada ikiwa ndogo kwa asilimia 5 hadi 10: mteremko hautoshi, au umepima nafasi zilizo mbali na mgongano, au pini iliingia upande. Kata utepe mwingine na upime karibu zaidi kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ikiwa kubwa: mteremko umezidi, B ilikuwa imeshaanza kusogea, au mkono wako ulikuwa bado unaisukuma A. Hili la mkono linaonekana kwenye utepe: nukta zinaendelea kuachana hadi kwenye mgongano wenyewe, bila sehemu tulivu.

Nishati baada ikizidi ya kabla, simama. Mgongano hautengenezi nishati mwendo isipokuwa kuna kitu kilichokuwa kimeihifadhi. Tazama kama fimbo ya springi ya toroli ilikuwa imefungwa ikafyatuka wakati wa kugonga. Kama sivyo, umesahau kipeo cha pili mahali fulani, au umehesabu nafasi 10 upande mmoja na 9 upande mwingine.

Fanya angalau mara 5 kwa kila mpangilio wa matungamo, na kwenye jedwali weka safu ya uwiano wa momenta kabla ya safu ya nishati. Andika pia kosa la kupima: kama nafasi 10 ni sentimita 6.5 na rula yako inakosea milimita 1, hiyo ni asilimia 1.5 ya momenta na asilimia 3 ya nishati, na tofauti yoyote iliyo ndani ya hapo huwezi kuitafutia sababu ya kifizikia. Utepe uliopotoka nao ubandike kwenye daftari, uuandikie pembeni kilichoharibika.